Simu ya dola 58 iliyotufikia kwa dola 104



Mara nyingi katika gazeti hili tunaongea juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya viazi. Leo tunaongea juu ya simu. Kooperative zingine za Nyiragongo na Rutshuru zimekuwa zikituuliza: "Ile simu yenu ya kuagizia ku intaneti iliishia wapi?" Badala ya kumjibu kila mtu peke yake njiani, tumeona heri tuandike yote hapa pamoja na hesabu yake, hata pale ambapo sisi wenyewe tulikosea.

Kwa nini tulitaka simu

Mnakumbuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Nyiragongo ilitapika, moto ukashuka upande wa Buhene, barabara ya Rutshuru ikakatwa. Kila mtu alikamata watoto na kile mkono ulifikia. Sekretere wetu alikamata watoto wawili na godoro. Kitabu cha kooperative kilibaki chini ya kitanda.

Tuliporudi tulikuta mlango umevunjwa. Kitabu hatukukiona tena. Ndani yake kulikuwa majina ya wanachama wote 41, nani alilipa mchango, nani alikopa mbegu, nani alibakisha deni. Miezi miwili tuliishi katika mabishano. Mmoja anasema, "Mimi nilisha kulipa." Mwengine anajibu, "Ulilipa nusu tu." Hakuna aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha.

Ndipo tukasema: tununue simu moja ya Android ya kooperative. Kila mwisho wa mkutano sekretere atapiga picha kila ukurasa wa kitabu kipya, na mtu wa pili atapewa kopi. Mlima ukitapika tena, kitabu kitakuwa mfukoni. Tena tutaweza kuuliza bei ya soko la Virunga mbele ya kupakia magunia, badala ya kufika Goma na kukubali bei yoyote juu hatuwezi kurudi na mzigo.

Bei iliyokatwa na mstari

Katika mkutano wa mwezi wa tisa, kijana mmoja wa kwetu anayesoma Goma alituonyesha picha ya simu kwenye duka la intaneti la ng'ambo. Juu ya picha iliandikwa dola 142, lakini ile 142 ilikatwa na mstari, na pembeni yake kukaandikwa 58. Butike za Goma ziliuza simu ya ukubwa ule dola 95. Watu walifurahi sana. Mzee mmoja tu ndiye aliuliza, "Na ikiharibika, nitaipeleka kwa nani?" Tulicheka. Leo hatucheki.

Ile dola 142 hatujui kama kuna mtu aliyewahi kuilipa. Muuzaji mwenyewe ndiye anaandika bei kubwa, kisha anaikata. Ni sawa na mchuuzi anayeanza na bei ya juu ili ufurahi akikushushia. Kitu cha kulinganisha siyo bei iliyokatwa, ni bei ya butike ya karibu na wewe.

Kila mwanachama alitoa franka 4.000. Hiyo ilikuwa 164.000, ndio dola 82 kwa hesabu ya franka 2.000 kwa dola moja. Sasa tazameni namna feza ilivyotembea:

- Bei ya simu: dola 58.
- Kuisafirisha kwa ndege: dola 14. Hii ilionekana mwisho kabisa, wakati wa kulipa.
- Komisyo ya mwenye karte ya banki, sababu sisi hatukuwa na karte: dola 4.
- Taksi za Kigali: dola 13. Duka halikukubali anwani ya Goma, kwa hiyo simu ilipitia kwa ndugu yetu anayeishi kule.
- Usafiri kutoka Kigali mpaka Gisenyi na mtu wa kuivusha: dola 6. Wakati ule wa Covid kuvuka mpaka hakukuwa rahisi.
- Dwane upande wa Goma: dola 9.

Jumla ni dola 104. Michango ilikuwa 82. Dola 22 zilizopungua tulizitoa katika feza ya mbegu za sezo B. Tulifanya hivyo bila kuitisha mkutano, na tunalisema wazi: lilikuwa kosa letu sisi komite. Feza ya mbegu haiguswi.

Wiki kumi na moja za kungoja

Tulilipa tarehe 20 Septemba. Duka lilisema siku 15 mpaka 25. Simu ilifika Kibati tarehe 8 Desemba.

Mwezi wa kwanza watu waliuliza kwa upole. Mwezi wa pili maneno yakabadilika. Kwenye foleni ya maji mtu akasema kwa sauti, "Komite imekula makuta yetu." Mama mweka feza ndiye alibeba uzito zaidi. Watoto wake waliulizwa njiani kama simu ya mama yao ni nzuri. Mume wake alimwambia aache hiyo kazi. Alikuwa ameshika feza yetu miaka minne bila kupotea hata franka mia, na sasa jina lake lilikuwa linaharibika kwa sababu ya kifurushi ambacho kilikuwa njiani.

Kitu kimoja kilimuokoa. Kila mara feza ilipotoka, aliomba karatasi: resi ya mwenye karte, karatasi ya taksi, karatasi ya dwane, hata sahihi ya yule aliyevusha simu. Simu ilipofika aliitisha mkutano, akapanga karatasi zote juu ya meza, moja pembeni ya ingine, akasoma kila moja. Hakuna aliyesema tena kwamba amekula. Walisema tulinunua vibaya, na hiyo ilikuwa kweli.

Simu imefika, rezo haifike

Tuliweka karte ya SIM. Simu ikaandika kwamba SIM haikubaliwi, na inaomba namba ya kufungua. Ilikuwa imetengenezwa kwa kampuni moja ya Marekani, na ilifungwa ili itumike na kampuni hiyo tu. Kwenye duka maneno hayo yalikuwepo, kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza. Hatukuyasoma.

Fundi mmoja wa Birere aliifungua kwa dola 10, ambazo wanakomite walitoa mfukoni mwao. Pale mjini ilikamata rezo. Tukapanda moto kwa furaha. Kufika Kanyaruchinya rezo ikapungua, kufika Kibati ikapotea kabisa, na simu zetu za tochi pembeni yake zilikuwa zinapiga bila shida.

Tulirudi kwa fundi, naye akatuelezea. Rezo inapita hewani kwa masafa, sawa vile redio: ukifungua masafa mengine, hausikii kituo chako. Kwetu, kama vile Ulaya, 2G inatumia masafa ya 900 na 1800, na 3G inatumia zaidi 2100 na 900. Marekani walizoea 850 na 1900. Simu nyingi zinaweza kusikia masafa ya pande zote, lakini zile za bei ya chini zilizotengenezwa kwa soko moja tu, mara nyingine haziwezi. Tena wakati ule kampuni za Marekani zilikuwa zinajitayarisha kufunga rezo yao ya 3G mwaka 2022. Simu za zamani zilikuwa zinapoteza kazi kwao. Haishangazi kama nyingine zinauzwa kwa bei ya kutupa.

Hata pale mjini ilipokamata rezo, ujumbe wa RAM uliingia na inite zikaanza kukatwa. Mnaikumbuka: tangu mwaka 2020 simu ya 3G au 4G ilikatwa dola 7 kwa mwaka, na ya 2G dola 1. Mwanzoni mwa mwaka 2022 serikali iliiondoa, tunashukuru. Lakini kwa simu isiyopiga hata kwetu, zile inite zilituuma.

Na garanti je? Ilikuwepo. Muuzaji alijibu kwa adabu: turudishe simu kwa gharama yetu mbele ya siku 30. Siku hizo zilianza kuhesabiwa ilipofika Kigali, na kuirudisha kungetuomba karibu nusu ya bei yake. Tena ndani ya simu kuna betri ya lithium, ambayo ndege zina sheria zake, kwa hiyo siyo kila anayetuma vifurushi anakubali kuibeba. Tuliacha. Swali la yule mzee lilipata jibu lake: hakuna mtu wa kumpelekea.

Simu iko wapi leo

Hatukuitupa. Kupiga picha hakuhitaji rezo. Kila mkutano sekretere anapiga picha kurasa za kitabu, kisha kadi ndogo ya kuhifadhi inakopiwa kwa mtu wa pili. Kwa kazi ile ya kwanza tuliyoitakia, inafaa.

Kazi nyingine tunazifanya na simu ya tochi, na hapo tulijifunza jambo ambalo tungelijua mbele. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money vyote vinatembea kwenye simu ya tochi. Kuuliza bei ya soko ni kupiga simu tu. Simu ya tochi inakaa siku nne au tano bila kusharji. Ya Android inaomba moto kila siku, na wakati ule kwetu kila kusharji ilikuwa franka 500. Fanyeni hesabu hiyo ya mwezi mzima mbele ya kuamua.

Dola 22 za mbegu tulizirudisha mbele ya kupanda. Wanakomite watano tuligawana deni hilo, na liliandikwa katika kitabu.

Mbele ya kooperative yenu kununua

1. Andikeni kwanza kazi ya simu. Kama ni kupiga na kutuma feza tu, simu ya tochi inatosha.

2. Andikeni bei mpaka mlangoni: simu, usafiri, komisyo, taksi, dwane, moto. Kisha mlinganishe na butike ya Goma. Kama tofauti ni ndogo, nunueni karibu.

3. Butikeni wekeni SIM yenu wenyewe, mpige, mfungue intaneti. Mkikubaliana na mwenye butike kwamba mtarudisha simu ikikosa rezo kijijini, aandike hivyo kwenye resi.

4. Pigeni *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, inaitwa IMEI. Iwe sawa na ile ya kwenye boksi, na iandikwe kwenye resi. Simu ikiibiwa, hiyo namba ndiyo itasaidia kuonyesha kwamba ni yenu.

5. Kama simu imetumika, izimwe, ifutwe yote na iwashwe mbele yenu. Ikiomba akaunti ya mwenye zamani, muiache. Simu ya namna hiyo inaweza kuwa ya wizi, na bila ile akaunti haitafunguka.

6. Msiamini boksi juu ya ukubwa wa kuhifadhi. Kuna simu bandia zinazoandika 64 na ndani hazina hata robo. Jazeni video na picha nyingi mbele ya garanti kuisha, muone kama zinafunguka.

7. Kama lazima kuagiza ng'ambo, someni maneno yote madogo pamoja na mtu anayejua lugha ile. Tafuteni kama simu imefunguliwa kwa kampuni zote, na kama inasikia masafa ya kwetu. Ulizeni kurudisha kunagharimu ngapi. Na msimtumie feza muuzaji anayeomba mlipe pembeni, nje ya duka lenyewe.

8. Watu wawili wasimamie ununuzi, siyo mmoja. Kila feza inayotoka iwe na karatasi. Kifurushi kikichelewa, ambieni wanachama kila wiki kiko wapi, hata kama hakuna habari mpya. Sisi tulinyamaza tukingoja habari nzuri, na ule ukimya ndio ulizaa maneno ya foleni ya maji.

Hatusemi kwamba kila duka la ng'ambo ni la udanganyifu. Kuna watu wa Goma walioagiza na wakapata simu nzuri. Lakini mtu wa mjini mwenye karte ya banki, mwenye kujua masafa, na mwenye kuweza kupoteza dola 58, siyo sawa na kooperative ya watu 41 ambao kila mmoja alitoa franka 4.000 baada ya kukimbia volkeno. Kwetu simu inakuwa ya bei nafuu pale inapokamata rezo shambani, na anayeiuza yuko mahali ambapo tunaweza kufika kwa moto.

Karatasi zetu zote bado ziko kwa mama mweka feza. Kooperative yoyote inayotaka kuona hesabu hii kwa macho, ipite Kibati siku ya mkutano. Tutaiweka juu ya meza.