Selimundu: Bahati Iliyokutana na Mbu

Panapozaliwa mtoto mwenye selimundu, maneno hayakosi. Wako wasemao karogwa. Wako wamtwikao mama lawama. Wataalamu wa viumbe nao wana swali lao: je, maradhi haya yalizuka kwa bahati tu, au yalikuwa hayana budi kuwapo?

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana wa Kizungu aliyekulia Kenya, alizunguka nchini akipima damu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta jamii ambazo zaidi ya asilimia 20 ya watu wake walikuwa na dalili ya selimundu katika damu. Nyanda za juu hawakufika hata asilimia moja. Kumbe jeni ile ilifuata njia za mbu! Mwaka 1954 akachapisha utafiti wake: aliyeirithi kwa mzazi mmoja huwa na kinga dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa.

Basi hapa pana mambo mawili. La kwanza ni bahati. Maandishi ya urithi yaliponakiliwa, herufi moja ilibadilika. Haikubadilika kwa sababu malaria ipo. La pili ni kanuni. Penye malaria, watoto wengi walioibeba herufi hiyo walipona, wakakua, wakazaa, nayo ikaenea.

Lakini kanuni haikuamua ni ngao gani itumike. Afrika Magharibi, mahali pale pale katika protini ya damu palitokea badiliko jingine, hemoglobini C. Nayo hukinga malaria, na hata ikirithiwa kwa wazazi wawili haina ukali wa selimundu. Adui mmoja, ngao mbili.

Neno bahati lisimtie mtu wasiwasi wa imani. Mtaalamu ana maana kwamba badiliko halifuati haja ya kiumbe, basi. Mambo ya kadari hayapimwi kwa darubini.

Mume na mke wakiwa wote wamebeba jeni hiyo, kila mimba ni kura mpya: nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Aliyekwisha kupata mmoja asidhani watatu wanaofuata wamesalimika, kwani kura haikumbuki ya jana. Na kila mgonjwa amerithi kwa baba na kwa mama, sawa kwa sawa. Kumwacha mke kwa sababu hiyo ni kumdhulumu. Bora wachumba wapime damu kabla ya kufunga ndoa.