Duru ya Pili Tuliyonyang'anywa

Mkazi wa Kabondo, mtaa wa Kisangani, aingiapo katika darasa la shule lililogeuzwa kituo cha kura, akaonyesha kadi yake ya uchaguzi na kumchagua Rais wa Jamhuri pasipo mbunge wala chifu kusimama kati yake na kura yake, hutumia haki ambayo wazee wake hawakuwa nayo nchi yetu ya Kongo ilipopata uhuru. Mwezi wa Mei 1960, mji wetu ungali ukiitwa Stanleyville na ukiwa ngome ya Patrice Lumumba, waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao, nao hawakuulizwa habari za Rais. Jambo hilo liliachiwa mabaraza mawili ya taifa, ambayo tarehe 24 Juni yalimchagua Joseph Kasa-Vubu kwa kura 159 dhidi ya 43 za Jean Bolikango. Tarehe 5 Septemba Rais huyo alipotangaza kumwuzulu Waziri Mkuu Lumumba, naye Lumumba akatangaza kumwuzulu Rais, hakuna hata mmoja aliyeweza kudai kwamba umma wote ndio uliomkabidhi cheo chake. Na kabla mwaka haujaisha, Antoine Gizenga, aliyekuwa naibu wa Lumumba, alikwisha kuweka serikali yake papa hapa Stanleyville. Sisemi kwamba kura ya umma ingaliyazuia masaibu yote yaliyofuata, kwani mikono ya wageni ilikuwa mingi mno katika fitina ile.

Kura ya moja kwa moja iliandikwa katika katiba ya 1967, na wanawake wakahesabiwa miongoni mwa wapiga kura. Lakini ilipofika siku ya kuitumia, mwaka 1970, mgombea alikuwa Rais Mobutu pekee, karatasi zilikuwa mbili, ya kijani kwa kumridhia na nyekundu kwa kumkataa, na kwa hesabu ya serikali yenyewe, katika kura zaidi ya milioni kumi, waliomkataa walikuwa 157. Mwaka 1977 na 1984 mambo yakawa vivyo hivyo.

Ilipita miaka mingi ya dhiki, na humo ndani zile siku sita za Juni 2000 ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mitaani mwa Kisangani na kuua mamia ya raia, ndipo wananchi wakaipitisha kwa kura ya maoni, Desemba 2005, katiba tuliyo nayo leo. Kifungu chake cha 71 kilimtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura, na ikiwa hakupata, wawili walioongoza warudi mbele ya wapiga kura. Tarehe 30 Julai 2006 walisimama wagombea 33: Joseph Kabila akapata asilimia 44.81, Jean-Pierre Bemba 20.03, na wa tatu, kwa asilimia 13.06, akawa Gizenga yule yule wa Stanleyville. Kabila, kwa kuwa hakufikia nusu, alilazimika kwenda kuomba kura alikopigiwa mwingine. Akapatana na Gizenga, akashinda tarehe 29 Oktoba kwa asilimia 58.05, na Gizenga akawa Waziri Mkuu. Hiyo ndiyo faida kubwa ya duru ya pili, kwamba humshurutisha mkubwa kutafuta ridhaa ya watu ambao hapo kwanza hawakumtaka.

Januari 2011, miezi kumi tu kabla ya uchaguzi, bunge lilikibadilisha kifungu hicho, na tangu hapo aliye mbele ya wenziwe, hata kwa kura chache, ndiye mshindi. Mwaka ule Kabila alitangazwa kwa asilimia 48.95, na katika uchaguzi wa Desemba 2018 Félix Tshisekedi akatangazwa kwa 38.57, maana yake watu watatu katika kila watano walikuwa wamemchagua mwingine. Na maaskofu wa Kanisa Katoliki walipotamka kwamba hesabu hiyo haikuafikiana na ile ya waangalizi wao, shaka ilizidi kukita mizizi. Watetezi wa duru moja husema gharama ni nzito, na ni kweli, kwani katika nchi hii vifaa vya kura husafirishwa kwa ndege, mitumbwi na pikipiki, na mwaka 2023 vilichelewa hata upigaji kura ukaongezwa siku. Lakini vita inayozaliwa na kura yenye shaka, nani ameijumlisha gharama yake?

Tarehe 23 Oktoba 2024, hapa hapa Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza nia ya kuunda tume ya kuitazama upya katiba. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa idadi na muda wa vipindi vya Rais, nacho kiachwe kama kilivyo. Ikiwa ukurasa wowote utafunguliwa, uwe ule wa kifungu cha 71, turudishiwe duru yetu ya pili kabla ya uchaguzi ujao.