Kidonge Kilichowasha Moto Mwilini

Katika mwaka wa 1933 ilienea Marekani dawa ya kuondoa unene, nayo asili yake ilikuwa baruti. Jina lake ni dinitrofenoli, jina la kuchosha ulimi.

Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, huko Ufaransa, watu waliofanya kazi katika viwanda vya makombora walivuta vumbi la kitu hicho. Walikonda, wakatoka jasho jingi, wakashikwa na homa. Na wengine wakafa. Baadaye waganga wa chuo cha Stanford, Windsor Cutting na Maurice Tainter, waliwapa watu wanene kwa kipimo kidogo, wakaona ya kuwa hukonda upesi. Wao wenyewe walionya kwamba ni dawa ya hatari. Walakini wauzaji hawakungoja onyo, na hata kufika mwaka wa 1934 Tainter alikadiria kwamba watu wapatao 100,000 wamekwisha kuitumia.

Mama aliye jikoni atafahamu upesi kazi yake. Chakula ni kama kuni, na mwili huzichoma polepole ili tupate nguvu. Dawa hii huharibu mpango huo: kuni zateketea, nguvu haipatikani, joto tupu ndilo linalobaki. Aliyezidisha kipimo huungua kwa ndani hata kufa, wala hakuna dawa ya kuivunja sumu hiyo.

Tena katika mwaka wa 1935 likatokea jambo la kusikitisha mno. Wanawake, na wengi wao vijana, wakaanza kupata mtoto wa jicho, ugonjwa tuliozoea kuuona kwa wazee. Wengine walikuwa wameacha vidonge miezi mingi, nao walidhani wamepona salama!

Mtu atauliza, Serikali ilikuwa wapi? Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1906 ilihusu dawa za magonjwa, na unene haukuhesabiwa kuwa ugonjwa. Hivyo mikono ya wakuu ilifungwa. Sheria mpya ilipatikana mwaka wa 1938, ndipo vidonge vikaondolewa madukani.

Walimu wanaoulizwa na wasichana habari za vidonge vya kukondesha na wajue ya kuwa sumu hii haijatoweka. Hata leo huuzwa kwa siri, pengine kwa jina jingine, na watu wameendelea kufa kwayo katika karne hii.