Fahamu: Fundi anavyopima amplifaya iliyonyamaza
Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawataka wazalishaji nchini Kenya wawajibikie bidhaa zao hata zikishakuwa taka. Kwenye vibanda vya Kibera na Kawangware, amplifaya iliyonyamaza bado hupelekwa kwa fundi kwanza.

Fundi stadi habahatishi vipuri. Anapima. Stima ya volti 240 ikishushwa na transfoma hadi 12, kisha ikapita kwenye dayodi na kapasita, mita iliyowekwa DC inapaswa kusoma takriban volti 16. Ikisoma sifuri, kosa liko huko nyuma, kwenye njia ya umeme: fyuzi, transfoma au dayodi.

Sikio nalo hupima. Mngurumo mzito wa hezi 100, mara mbili ya masafa ya stima yetu, mara nyingi humaanisha kapasita ya kulainisha umeme imechoka.

Kipimo ninachokithamini zaidi ni cha mwisho. Kwenye amplifaya yenye umeme chanya na hasi, tundu la spika bila muziki lisome karibu na volti sifuri. Likisoma 15, huenda transista ya kutoa sauti imeshoti. Ukirudisha spika kabla ya kupima hapo, koili yake inaweza kuungua.