Landhies Road na majirani zake: majina yanayozunguka reli

Eneo la reli kati ya Haile Selassie Avenue, Uhuru Highway, Bunyala Road na Landhies Road, hapa Nairobi, limepangwa kujengwa upya. Mradi wa Nairobi Railway City, uliozinduliwa Desemba 2022, unahusu takriban ekari 425, sehemu kubwa yake ikiwa ardhi ya njia za reli, karakana na maghala. Karakana zikiondoka, majina ya barabara ndiyo yatakayobaki kueleza nani alikuwa hapo.

Reli ilifika Nairobi Mei 1899. Barabara iliyo mbele ya stesheni ilipewa jina la George Whitehouse, mhandisi mkuu wa Reli ya Uganda. Baada ya uhuru ikawa Haile Selassie Avenue, kwa heshima ya mfalme wa Ethiopia. Moi Avenue, inayokutana nayo, iliitwa Government Road. Tom Mboya aliuawa kwenye barabara hiyo tarehe 5 Julai 1969, lakini iliyopewa jina lake ni ya jirani, Victoria Street ya zamani. Workshop Road na Factory Street zinajieleza zenyewe.

Lenye mengi zaidi ni Landhies Road. Ni rahisi kudhani kwamba Landhies alikuwa bwana fulani wa kikoloni. Sivyo. Landi ni makao ya wafanyakazi wa reli, vyumba vilivyojengwa kwa safu, kama vile vya Muthurwa. Neno hilohilo limo katika Landi Mawe, yaani landi zilizojengwa kwa mawe. Kwa hiyo jina hili halimkumbuki mkubwa yeyote: linawataja makuli, mafundi na familia zao, waliolala karibu na reli waliyoihudumia.

Mitaa mipya itahitaji majina, na wakazi wana nafasi ya kusema. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kuushirikisha umma katika shughuli zake, na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi katika bunge hilo. Ombi lenye uzito hutaja jina, mahali na sababu. Wazee waliokulia Muthurwa, Landi Mawe na Makongeni wana majina ya vichochoro na viwanja wanayoyajua kwa kichwa tu. Vijana wao wakae nao wayaandike sasa, kabla matingatinga hayajafika.