Uvimbe chini ya sikio: Sindano inaposema nusu ya habari

Tuseme umejipapasa chini ya sikio, ukagusa kijivimbe kigumu kisichouma. Si matubwitubwi, kwani hayo hayakai mwaka mzima. Daktari anakudunga kwa sindano nyembamba na kufyonza kiasi kidogo. Siku kadhaa baadaye unafuata majibu, na karatasi inasema aina ya uvimbe haikubainika. Nauli umelipa, ada umelipa, kazini umeomba ruhusa. Nani asingekasirika?

Kabla hujaulaumu upande wa maabara, msomaji, zifahamu kwanza tezi zenyewe. Una jozi tatu kubwa za tezi za mate: karibu na masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Kuna pia nyingine ndogo ndogo, kati ya 600 na 1,000, zilizotapakaa midomoni, mashavuni na kaakaani. Shirika la Afya Duniani (WHO) huorodhesha zaidi ya aina 30 za uvimbe unaoota humo, na baadhi hufanana kama shilingi kwa ya pili.

Isitoshe, mtaalamu aliye kwenye darubini hapewi uvimbe mzima. Hupewa seli chache zilizopakwa juu ya kioo na kutiwa rangi. Ni sawa na kuonyeshwa matofali matatu, kisha uulizwe kama ukuta wa boma umebomoka. Na saratani kadhaa za tezi hizi hujulikana hasa kwa jinsi zinavyopenya nyama ya jirani, jambo ambalo seli zilizofyonzwa haziwezi kuonyesha.

Uvimbe unaopatikana zaidi, pleomofiki adenoma, si saratani. Lakini seli zake huweza kufanana na za adenoidi sistiki, saratani inayotambaa polepole kando ya neva. Kuna na mukoepidamoidi: hapo sindano huweza kutoa ute mtupu, ukadhaniwa ni kifuko cha maji tu. Halafu kuna uvimbe wa miaka mingi uliogeuka saratani upande mmoja, na sindano ikaingia upande wa pili!

Utauliza, mbona wasiukate tu? Neva inayoendesha misuli ya uso hupita katikati ya tezi ya sikioni. Ikijeruhiwa, mdomo huenda upande na jicho likakataa kufumba. Ndiyo maana mpasuaji hutaka kujua mapema anakabili nini.

Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali walichapisha utaratibu uitwao Milan, unaogawa majibu ya sindano katika mafungu sita. Mna mafungu ya mashaka, na mna lile la sampuli isiyotosha. Binafsi naona hili la mwisho ndilo hatari kwa mgonjwa, kwa kuwa wengi husikia "seli hazikutosha" wakaelewa "huna saratani", wakaenda zao.

Jibu hilo lamaanisha kazi haijaisha. Sindano huweza kurudiwa ikiongozwa na picha ya mawimbi ya sauti, au ikatumika nene zaidi inayotoa kipande cha nyama. Mara nyingine jibu kamili hupatikana baada tu ya uvimbe wote kutolewa. Lakini upande wa uso ukilegea, au uvimbe ukaanza kukua upesi, usingoje tarehe ya kliniki. Na ukihamia hospitali nyingine, omba vile vioo pamoja na karatasi ya majibu. Mtaalamu wa pili atataka kujionea mwenyewe.