DORY SI PAMBO LA SEBULENI!

Tangu filamu ya Finding Nemo ilipotoka mwaka 2003, yule samaki wa bluu aitwaye Dory, msahaulifu kupindukia, amewapagawisha wengi. Kila mwenye sebule anamtaka! Ngoja nikupe siri: Dory ni kangaja. Ndiyo, ni wa ukoo uleule wa hawa wanaoliwa huku pwani, na aina yake inapatikana hata kwenye matumbawe yetu ya Afrika Mashariki.

UTAMJUAJE?

Tazama pale mkia unapoanzia. Kila upande pana mwiba mkali kama kiwembe. Ukimshika ovyo utachanjwa, na ukimvua kwa wavu mwiba unanasa. Mchote kwa chombo cha plastiki.

Wako wa aina nyingi. Dory ana mwili wa bluu iliyokolea, mchoro mweusi ubavuni na mkia wa njano. Mwingine ni wa bluu mpauko, uso mweusi, koo jeupe na pezi la njano mgongoni. Huyo ni mzuri ajabu, lakini ni mkorofi! Ukiweka wawili tangi moja, ni vita tupu. Yuko pia mweupe mwenye mistari myeusi ya kusimama, kama shati la mfungwa.

WENGI WANAKOSEA HAPA

Unauziwa katoto ka sentimita 5, unakaona kanatosha kwenye tangi la juu ya meza. Kumbe Dory hufikia sentimita 30, na kutwa nzima anaogelea. Mpe tangi la lita 400 au zaidi, lenye urefu wa kukata mbio.

Kosa la pili ni haraka. Leo unanunua tangi, kesho unatia samaki, wiki ijayo unalia. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kuimaliza huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Subiri!

Maji yawe na chumvi gramu 35 kwa lita, joto nyuzi 25 hivi. Chumvi ya jikoni usithubutu, tumia ile ya matangi ya bahari. Maji ya bomba yenye klorini nayo ni balaa.

Chakula? Mwani, kila siku. Kangaja wengi ni wala majani, ukiwalisha nyama tupu watadhoofika.

Mwisho, kaa chonjo na vidoa vyeupe mwilini, kama amenyunyiziwa chumvi. Ni ugonjwa wa vimelea, na kangaja huupata upesi kuliko samaki wengi. Kila mgeni akae peke yake wiki 4 kwenye tangi la pembeni kabla ya kuungana na wenzake.

Kama huna nafasi wala subira, mshikaji, bandika picha ya Dory ukutani. Mwenyewe mwache baharini. Usije ukasema hukuambiwa!